Kidonda cha sikio kwanza, losheni baadaye

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wakulima wa mwani hapa Mlingotini, Bagamoyo. Alikuja mgeni kutufundisha habari za jua na saratani ya ngozi. Akasema kila mmoja wetu anunue losheni ya kukinga jua ya SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga ya losheni), ajipake mwili mzima kila baada ya saa mbili, na tusitoke nje kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Tukipiga hesabu ya hizo chupa, pesa yote ya mwani inaishia dukani. Je, sisi weusi nasi tunazihitaji? Tunaye mwenzetu mwenye ualbino, ana kidonda juu ya sikio tangu kabla ya Ramadhani. Anapaka GV, ile dawa ya rangi ya zambarau, kinakauka, kinarudi. Ana mtoto wa miezi minne ambaye huja naye pwani. Na mume wangu ni mvuvi, ameota kinyama jichoni, wenzake wanamwambia ni jua. Tusaidie.

Jibu: Marahaba, dada katibu, na kina mama wote wa kikundi nawasalimu. Umeuliza mambo manne. Sitayafuata kwa mpangilio wako, maana moja halisubiri, hayo mengine yanaweza kukaa hata mpaka mwisho wa mwezi.

Nianze na sikio la mwenzenu. Kidonda kwenye sikio, uso, mdomo, shingo au mgongo wa kiganja cha mtu mwenye ualbino, kikipitisha mwezi bila kufunga, mimi nakichukulia kuwa ni saratani mpaka maabara inikatalie. Sisemi hivyo kumtisha. Vidonda vya kawaida, hata vya watu wanaoshinda kwenye maji ya chumvi, hufunga ndani ya wiki tatu au nne. Hiki chake kinakauka, kinaota kigaga, kigaga kinabanduka na damu kidogo, na baada ya siku chache kipo tena pale pale. Ndivyo inavyojionyesha saratani ya ngozi tunayoikuta zaidi kwa watu wenye ualbino. Na sikio ni mahali pabaya pa kuiachia, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na chini yake kuna gegedu tu, hakuna nyama ya kuichelewesha isizame.

La kushukuru ni kwamba saratani hii mara nyingi haina haraka mwanzoni. Hukaa hapo hapo kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, kabla ya kushuka kwenye mitoki ya shingo. Ikikutwa ingali ndogo, hukatwa yote kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akarudi kwake siku hiyo hiyo, na mara nyingi habari yake inakwisha hapo. Wanaokufa nayo kwa kawaida ni waliofika wamechelewa. Utafiti wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, juu ya watu wenye ualbino, uliochapishwa mwaka 1985, ulikuta vijana wa miaka ishirini na kitu tayari wana saratani kubwa. Ni umri ambao jirani yake mweusi hana hata kunyanzi usoni.

Kwa hiyo wiki hii, msingoje bamvua, yale maji makubwa ya kupwa na kujaa, lipite, mmpeleke Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Siku hiyo asipake GV, kwa sababu ile rangi inatuficha kingo za kidonda na kingo ndizo tunazozisoma. Akipewa dawa ya kupaka na kuambiwa arudi nyumbani kabla kidonda hakijatazamwa sawasawa, mmoja wenu aliyemsindikiza aseme kwa adabu kabisa: "Daktari, kidonda hiki kina miezi sasa na hakijapona, tunaomba kikatwe kipande kipimwe au atupe rufaa." Sentensi hiyo hufungua milango mingi kuliko malalamiko. Rufaa inaweza kumpeleka Tumbi pale Kibaha, au Muhimbili, na kama uvimbe umekuwa mkubwa au mitoki imevimba, Ocean Road ambako kuna matibabu ya mionzi. Kipande kikishakatwa, majibu yake yafuatwe mpaka yapatikane kwa maandishi. Kukata bila kusoma majibu ni kazi iliyoachwa nusu.

Tafadhali pia mumlinde na wale watakaomwambia wana dawa ya kukichoma. Dawa kali, iwe ya majani au ya dukani, inaunguza juu tu. Ngozi inafunga, watu wanashangilia, na chini kitu kinaendelea kutambaa mtu asikione.

Akiwa huko aombe atazamwe ngozi yote, kichwa mpaka miguu. Kuna jambo ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya nyumbani mara moja kwa mwezi. Mkae mlangoni penye mwanga, mpitishe ncha ya kidole taratibu kwenye paji la uso, pua, mashavu, masikio mbele na nyuma, mdomo wa chini, shingo na migongo ya mikono. Mnatafuta sehemu inayokwaruza kama msasa, hata kama kwa macho haionekani kitu. Vipele vya namna hiyo huja kabla ya saratani yenyewe, na daktari anaweza kuvimaliza kwa kuvigandisha kwa baridi kali au kwa dawa ya kupaka, bila kisu. Kidole huvigundua kabla ya jicho, na kwa mtu mwenye ualbino, ambaye mara nyingi haoni vizuri, kidole cha mwenzake kina faida mara mbili.

Sasa nije kwenye lile la losheni na sisi weusi.

Mgeni wenu hakusema uongo. Alisema yanayowafaa watu wengine. Ushauri wa kujipaka kila saa mbili umetoka nchi kama Australia, ambako watu weupe wengi wanaishi chini ya jua kali na saratani ya ngozi ni ya kawaida kuliko karibu popote duniani. Ngozi yetu ina melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, ya kutosha, na melanini hiyo huchuja mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua isiyoonekana ambayo huharibu vinasaba vya chembe za ngozi. Waliowahi kupima walikuta ngozi nyeusi yenyewe, bila kupakwa chochote, inakinga kiasi cha losheni ya SPF 13 hivi. Kinga hiyo hailipiwi wala haioshwi na maji ya bahari. Mtu mwenye ualbino hana akiba hiyo, kwa hiyo jua lile lile linalowapata nyote mkiwa mmeinama kwenye kamba moja, kwake ni jua jingine kabisa.

Je, mtu mweusi hapati saratani ya ngozi? Anapata, ila inapojitokeza kwa kawaida si jua lililoileta, na losheni isingeizuia. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nadhani kikao chenu hakikufika huku.

Inatokea kwenye nyayo. Kuna saratani nyeusi ya ngozi inayopenda nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halizifikii. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Nyinyi mnakanyaga matumbawe na miiba ya baharini kila bamvua, kwa hiyo doa jeusi chini ya mguu huwa lina maelezo tayari: mwiba, damu iliyovilia. Mwiba na damu iliyovilia huondoka. Ukiweka alama ya kalamu pembeni ya doa, na baada ya miezi miwili limevuka alama, au lina rangi mbilimbili, au katikati limekuwa kidonda, nenda hospitali. Msije mkaogopa kila doa lakini: wengi wetu tuna madoa ya rangi ya kahawa kwenye nyayo tangu zamani, na mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa weusi. Wa kuutilia shaka ni mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au rangi yake inayomwagikia kwenye ngozi iliyouzunguka ukucha.

Inatokea pia kwenye makovu ya zamani. Mtu aliungua moto akiwa mdogo, au alikuwa na kidonda cha mguu kilichodumu miaka, kikafunga. Miaka ishirini au thelathini baadaye kovu linapasuka tena, kingo zinanyanyuka, linatoa harufu, likiguswa linavuja damu. Hiyo ni saratani ya ngozi ya mtu mweusi ninayoikuta zaidi kuliko yoyote anayoweza kuizungumzia mwenye duka la losheni. Kama kuna mama kwenye kikundi mwenye kidonda cha mguu kinachofunga na kufunguka kila mwaka, yeye na mwenzenu wa sikio wapande gari moja.

Kwa hiyo uamuzi wangu, dada katibu: kikundi kisinunue losheni kwa watu wote. Pesa hiyo itumike kwa mwenzenu mmoja, na kwa wachache ambao melanini yao imepungua au ngozi yao inakasirika na jua kwa sababu nyingine. Wa kwanza hapo ni wanaojipaka mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki, zinazowekwa kwenye mkorogo, zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, lakini sote tunajua vinauzwa. Anayejichubua usiku na kuinama baharini mchana amejivua ile SPF 13 kwa mkono wake, halafu akiona uso unaungua anaongeza mkorogo. Aache, ngozi itarudi taratibu, ingawa mabaka mengine ya haidrokwinoni hayatoki. Wengine ni wenye mbalanga, kwenye mabaka meupe peke yake, na wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi ichukie jua: doksi, septrini ya kila siku, na baadhi ya dawa za presha za kukojoza. Hawa wasiache dawa. Wavae mikono mirefu, na uso ukianza kuwa mweusi ghafla au kuwasha juani wamwambie aliyewaandikia dawa.

Nguo ndiyo kinga ya kwanza ya mtu wa pwani, na hapa kikundi hakihitaji mfadhili. Inua kitambaa juu ya kichwa dhidi ya jua, utazame. Ukiona nyuzi na mwanga katikati yake, mionzi nayo inapita. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba inakinga kidogo sana, na ikilowa inakinga kidogo zaidi, ndiyo maana mwenzenu anaweza kuungua mabega akiwa amevaa. Jinzi hazipitishi karibu kitu, ila baharini ni nzito. Mimi napenda jezi za mikono mirefu za mtumba, zile za kitambaa cha mpira wa miguu kinachoteleza: kimefumwa kwa karibu, kinazuia mionzi vizuri, kinakauka upesi, na bei yake mnaijua. Rangi iliyokoza huzuia zaidi ya nyeupe. Kwa miguu, suruali ndefu au leggings nzito chini ya kanga, maana maji hayamkingi mtu: nusu mita chini ya maji bado inafika kama asilimia 40 ya mionzi iliyopo juu. Viatu vya mpira navyo avae, kwa ajili ya jua na miiba pia.

Kwa kichwa, mtandio mnaojifunga tayari umefanya nusu ya kazi kwa kufunika masikio na shingo. Mwanamume mwenye ualbino anayevaa kapelo au baraghashia ana masikio mawili yaliyo uchi, na masikio ndiyo tunayoyakata. Juu ya mtandio aongeze kofia ya pama yenye ukingo wa vidole vinne hivi kuzunguka pande zote. Kofia ya ukili inafaa sana ikiwa imesukwa kwa karibu. Iweke juani juu ya mchanga, utazame kivuli chake: kikiwa na vitobo vya mwanga, uso wa anayeivaa utakuwa na vitobo hivyo hivyo, basi ishonewe kitambaa kwa ndani. Kwa kazi yenu ya kuinama, kofia iwe na kamba ya kidevuni, la sivyo ataivua baada ya robo saa, na ukingo wa nyuma uwe mrefu kuliko wa mbele, maana anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba hulipa jua kisogo. Kofia peke yake haitoshi pwani. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari kama 25, kwa hiyo uso unapigwa na kutoka chini, kidevuni na chini ya pua. Wale wa mashamba ya chumvi wanalijua hili kwa macho yao kabla ya ngozi.

Suala la saa ndilo lililonifanya nitabasamu niliposoma barua yako. Mgeni aliwaambia msitoke kati ya saa nne na saa kumi. Maji ya bamvua pwani hii hupwa kuanzia kama saa tatu asubuhi, kila siku yakichelewa kuliko jana, mpaka kwenye saa saba mchana. Mwani hauvunwi maji yakiwa yamejaa. Ukimwambia mkulima wa mwani akwepe saa hizo umemwambia aache kazi.

Ukweli wenyewe ni kwamba zaidi ya nusu ya mionzi ya siku nzima hushuka kati ya saa nne na saa nane. Bagamoyo ipo nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na tena karibu na Oktoba 10. Siku hizo, baina ya saa sita na saa saba, mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Kipimo cha bure ni hicho hicho kivuli: kikiwa kifupi kuliko mwenye nacho, jua ni kali kwa mtu mwenye ualbino, hata kama mawingu mepesi yamelifunika na upepo wa kusi unapuliza baridi. Joto na mionzi ni vitu viwili. Watu huungua zaidi siku za upepo, kwa sababu hakuna kinachowaambia waondoke. Mwezi wa saba pia si likizo, jua la mchana hapa bado ni kali.

Kwa nyinyi wengine, fanyeni kazi kama bahari inavyotaka, mnywe maji ya kutosha. Kwa mwenzenu, mgawanye kazi upya. Kufunga mbegu kwenye kamba si lazima kufanyike mchangani, kunafanyika bandani. Kupima mizani, kuandika daftari, kufungasha magunia, na kutengeneza sabuni ya mwani kama mnatengeneza, zote ni za kivulini. Banda liwe la makuti mazito, turubai jembamba linaleta ubaridi zaidi kuliko kinga. Akae ndani katikati, asikae ukingoni, kwa kuwa mionzi hutawanyika angani na kuingia kwa ubavu, na kivuli cha kawaida hupunguza nusu tu au zaidi kidogo. Siku ambazo maji yanapwa mapema aende baharini na wenzake amejifunika, siku za saa sita abaki. Na naomba hili liingie kwenye kumbukumbu za kikao: mgawo wake uwe sawa na wa aliyekwenda majini. Mgawo ukipunguzwa atarudi juani, na hatawaambia kwa nini.

Losheni sasa, kwa ajili yake. Iwe SPF 30 au zaidi: ya 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ya 50 kama 98, kwa hiyo tofauti ya bei isiwanyime usingizi. Iandikwe kuwa inakinga UVA na UVB, aina mbili za mionzi ya urujuanimno, zote. Kosa kubwa ni kuipaka kidogo. Mwili mzima wa mtu mzima unakula kama mililita 30 kwa mpako mmoja, maana yake chupa ya mililita 100 inakwisha kwa mipako mitatu. Lakini akivaa kama nilivyoeleza, kinachobaki wazi ni uso, pengine shingo ya mbele, na mikono kuanzia kifundo. Hapo kijiko kimoja cha chai kinatosha uso, masikio na shingo, na nusu kijiko migongo ya mikono. Akipaka mara mbili kwa siku ya kazi, chupa itakwenda karibu wiki. Nguo ndiyo inayoifanya losheni iwe ya bei nafuu.

Aipake ngozi ikiwa kavu, dakika ishirini kabla ya kutoka, arudie kila saa mbili na kila akitoka majini. Maneno ya kuvumilia maji kwenye chupa yana kipimo cha dakika 40 au 80, hayamaanishi siku nzima. Asisahau nyuma ya masikio na mdomo wa chini. Mafuta ya mgando mdomoni yanang'arisha tu, na mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu usiku lakini si kinga ya jua. Liwa, ule mti wa harufu nzuri unaosagwa na kupakwa, nayo ibaki ya harusi. Chupa isiachwe juu ya mchanga, joto linaiharibu. Muifunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kapu.

Kabla ya kununua, mtafuteni kiongozi wa wilaya wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, penye chuo cha kanda cha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki zao. Chama ndicho kinachojua kliniki iliyo karibu nanyi na tarehe zake. Kliniki hizo hutazama ngozi pia, na mimi ningeithamini hiyo kuliko chupa yenyewe.

Jicho la mumeo. Wavuvi wenzake pengine wamesema kweli. Kinyama chenye umbo la pembetatu, kinachoanzia kwenye weupe wa jicho upande wa pua na kutambaa polepole kwa miaka kuelekea kwenye mboni, kwa kawaida ni kitu cha jua, upepo na vumbi, na si saratani. Huondolewa tu kikikaribia kuziba uoni au kikisumbua sana. Lakini Afrika Mashariki tuna saratani ya utando wa jicho inayofanana nacho, na hiyo ndiyo saratani ambayo jua humletea mtu mweusi kweli, hasa akiwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Iko kwenye jicho moja, inakua kwa wiki au miezi, imenyanyuka, ina weupe mkavu au ukahawia juu yake, mishipa minene imeielekea, pengine inavuja damu. Kwa barua siwezi kutofautisha. Aende kitengo cha macho, na kikikatwa kipelekwe maabara, wala asishangae akishauriwa apime VVU, ni sehemu ya uchunguzi. Asikubali kukwanguliwa wala kutiliwa maji ya majani. Baada ya hapo avae kofia yenye ukingo akiwa chomboni, na miwani iliyoandikwa UV400. Bei na weusi wa kioo havikwambii kitu. Wataalamu wa miwani wana kifaa cha kupima kama kioo kinazuia mionzi, ni kazi ya dakika moja. Miwani hiyo hiyo imfae na mwenzenu, ambaye macho yake yanaumizwa na mwanga zaidi ya sote.

Na mtoto. Hukusema ana rangi gani, lakini kwa miezi minne mnajua tayari. Ualbino hutokea mtoto akipokea kinasaba chake kutoka kwa wazazi wote wawili. Mama huyu atampa kila mtoto kinasaba kimoja. Baba asipokuwa nacho, watoto wote watakuwa na rangi yao ya kawaida na kinga yao ya kawaida. Makadirio yanayotumika sana Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400, na kwa hesabu hiyo karibu mtu mmoja katika kila ishirini amebeba kinasaba hicho bila kujijua, kwa hiyo baba mweusi kuzaa naye mtoto mwenye ualbino si ajabu wala si kosa la mtu.

Awe wa rangi yoyote, chini ya miezi sita asipakwe losheni. Akiwa mweusi, kivuli cha banda kinamtosha. Akiwa na ualbino, avikwe nguo ya mikono mirefu na kofia, na asibebwe mgongoni mama akienda majini, kwani kitoto cha mgongoni kinapigwa na jua muda wote mama anapoinama. Joto likizidi anyonyeshwe mara nyingi zaidi, maji hayahitaji mpaka afike miezi sita. Mama akishahamia kwenye kazi za bandani hilo nalo litakuwa rahisi, kwa sababu hatakuwa na haja ya kutembea kutoka kwenye kamba mpaka ufukweni kila mtoto anapolia.